Aliyejifunika Hata Mbele ya Wanawake

Ulfat alikuwa na miaka ishirini na minne nywele zilipoanza kumnyonyoka. Kwanza doa dogo juu ya sikio, kisha jingine kisogoni, na mwaka ulipogeuka zilizobaki zilikuwa za kunyoa tu. Daktari alisema ugonjwa huo hauumi wala hauui, na dawa zake ni za kubahatisha. Eti hauumi. Madaktari nao wana maneno yao.

Kazini, katika duka la dawa pale Hamtramck, mji wa ughaibuni wenye Wayemeni wengi, hakuna aliyejua. Mtandio alikuwa akiuvaa tangu ana miaka kumi na miwili, na aliupenda. Baadhi ya wateja walimwuliza kama hasikii joto, wengine walimwonea huruma, naye aliwapa dawa zao na kuwatakia siku njema. Taabu yake haikuwa huko. Taabu ilikuwa kwenye harusi za Wayemeni wenzake, upande wa wanawake, ambako milango ikishafungwa na kamera za simu zikishabandikwa stika, mabaibui huvuliwa na kila kichwa kikakaguliwa. Akina mama wenye wana wanaotafutiwa wake hukaa karibu na jukwaa, na macho hayana pazia. Za huyu ndefu, za yule chache, huyu kapaka rangi, yule ukoo wao wote vipara.

Harusi ya kwanza baada ya kunyoa, Ulfat alikaa na mtandio wake kichwani. Mama yake, Bi Qabul, alikuwa amemshauri avae nywele za bandia. Akakataa, akasema zinawasha na tena ni uongo. Lakini kunyamaza nako kuna uongo wake. Wanawake walipomwona kajifunika mahali pasipo na mwanamume hata wa dawa, hawakuwaza ugonjwa. Waliwaza uchamungu. Mwezi haukuisha jina likapanda: Ulfat mcha Mungu, Ulfat anayejistahi hata mbele ya wanawake wenziwe. Vikongwe wakamwomba awaombee dua. Wasichana wakamwita Shehe, kwa kejeli, wala hakuwalaumu.

Alinyamaza miaka miwili. Heshima ni tamu, tusidanganyane, na ilimkolea kuliko huruma. Kilichomchoma ni siku alipomsikia mama mmoja mezani akimwambia binti yake, "Mtazame Ulfat, kisha ujitazame wewe, mabega yote nje. Huoni haya?" Msichana alikwenda kuchukua koti, akalivaa juu ya gauni lililomchukua miezi kulichagua, akakaa nalo mpaka keki ikakatwa.

Wiki hiyohiyo Mama Nabil akaleta habari za posa. Mwanawe alikuwa fundi wa umeme, kijana mpole aliyefika dukani kila mwezi kumchukulia baba yake dawa za pumu, na moyo wa Ulfat ulikuwa umeshamwelekea. Lakini mama wa kijana ndiye hutangulia. Huja nyumbani, msichana akamvulia mtandio, akatazamwa. Kijana zamu yake baadaye. Mama Nabil alikunywa chai ya maziwa, akala mkate wa asali, akamsifia mwenye nyumba, kisha akacheka. "Haya, mwanangu, leo hata mimi unanificha?"

Bi Qabul akageuzia uso dirishani. Ulfat akachomoa pini mbili, akauweka mtandio mapajani.

Mama Nabil alikitazama kichwa kile. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimshika mkono, akauliza kama panauma, akauliza kama watoto watarithi, na Ulfat akamjibu yote. Kisha akashusha sauti, akasema Nabil asiambiwe kwanza. Siku ya kuja kumtazama, Ulfat avae nywele za bandia, nzuri zipo, yeye mwenyewe ana dada anayeziuza Dearborn, mji wa jirani; mengine yatajulikana ndoani, wakishazoeana.

"Na ukumbini endelea hivyohivyo na mtandio wako," akaongeza. "Watu wanakusifu. Ya nini kuwapa la kusema?"

Ulfat alimtaka Nabil. Kwa pumzi mbili tatu alishakubali moyoni.

"Mama," alimwambia Mama Nabil, "huko nje najifunika kwa ajili ya Mungu. Ukumbini nilijifunika kwa ajili yenu. Niliwaogopa nyinyi kuliko ninavyomwogopa Yeye, na ni kwa hilo mkanisifu."

Akasema Nabil akija atamwona hivi alivyo, na asipokuja basi.

Mama Nabil akachukua mkoba. Mlangoni alimwambia Bi Qabul kwamba atazungumza na mwanawe, na hakuna mwenye binti Hamtramck asiyejua maana ya maneno hayo: ndiyo kwaheri. Bi Qabul alilia. Ulfat naye alilia, kwa sababu alikuwa anamtaka kweli kijana yule. Kisha akaosha vikombe, na Jumamosi akaenda harusini, akaingia ukumbini kichwa wazi.