Nilivyojifanya Mtani Msibani, Mpanda Mjini

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyovaa koti la marehemu nisiyemjua, nikakalia kiti chake, nikadai kuku. Nianze na hilo kabisa, usije ukalisikia kwa watu. Na usicheke kwamba nakuita mwanangu. Ndevu ninazo nne tu, lakini wewe ndiyo unaanza kidato cha kwanza na mimi niko cha tatu, na njia utakayopita nimeshaipita: lori la mchele kutoka kwetu Mamba mpaka Mpanda, halafu treni ya kwenda Tabora shuleni. Aliyetangulia njiani ndiye anayejua mashimo yalipo. Mimi mengine niliyachimba mwenyewe.

Mwaka ule nilipokwenda mara ya kwanza, mvua ilikuwa imekula tuta la reli, treni haikuja. Mama, aliyekuwa ananisindikiza, akatandika kanga uwanjani pale stesheni, tukasubiri na wenzetu siku mbili. Siku ya pili akalifunga kwa kamba gunia la chakula na mchele wa kuuza, akalikalia.

"Kilichobaki ni cha ndani ya treni," akasema. "Kama una njaa, katembee."

Sijui nani alimwambia mama kwamba kutembea kunashibisha. Nikaenda sokoni. Mpanda ile, mwanangu, ukisimama penye asali unaona mwisho wa soko penye dagaa. Nikasimama penye dagaa. Mama mmoja wa Kapalamsenga, kule ziwani, aliyekuwa anawauza akanitazama, akajua simnunui hata mmoja, akanipa wawili nitafune. Pembeni yake palikuwa na cherehani imefunikwa kitenge.

"Fundi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Tumemzika juzi. Mzee Mihayo. Matanga yako pale nyuma, nyumba yenye mlango wa bluu. Wamekwama, maskini. Wao Wanyamwezi, wanamsubiri mtani wao Mfipa atoke Sumbawanga, na matope haya! Mjane hajatia kitu mdomoni tangu mazishini."

Mtu mwenye akili angesikia habari ya mjane. Mimi nilisikia habari ya mtani. Unajua mwenyewe, mtani akifika msibani anatukana watu na hakuna wa kumkasirikia, anashika kuku na hakuna wa kumnyang'anya. Sisi Wapimbwe na Wafipa ni majirani, nani angenitambua? Njaa ikaniambia: kijana, wewe ni Mfipa.

Nikaingia uani kwa kelele. "Nyie Wanyamwezi! Nani amewaruhusu kufa mimi sipo? Fundi ameondoka na suruali yangu haijapigwa pindo! Mfufueni kwanza amalize!"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. "Mtani kafika!" Mzee mmoja, mdogo wake marehemu, akainuka. "Nyie Wafipa ndiyo mnafika leo? Mlikuwa mnaokota kumbikumbi njiani?"

"Ndiyo, na nimewamaliza," nikasema. "Sasa nataka kuku."

Akakamatwa kuku. Mwanangu, uongo ukipokelewa kwa vigelegele unapata miguu. Nikaona koti limetundikwa kwenye msumari, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote. Nikajizungushia utepe wa kupimia shingoni, nikainama kama mzee, nikatembea nikikohoa, kisha nikakaa kwenye kiti chake. Watu walicheka mpaka wakajifuta macho.

"Sivyo."

Sauti ilitoka kwenye mkeka, penye ukuta. Mama Nyamizi, mjane mwenyewe. Kila mtu akamgeukia, maana siku tatu hakuwa amesema neno.

"Hakuinama yule," akasema. "Alikwenda wima mpaka anaumwa. Mguu wa kulia ndio alikuwa anauburuta. Simama, tembea tena."

Nikasimama. Nikaburuta mguu.

"Taratibu. Hakuwa na haraka hata siku moja, wateja walikuwa wanamlilia. Na hilo koti fungua. Hakuwahi kulifunga. Fundi mzima, vifungo vinaning'inia, namwambia shona, ananiambia kesho."

Akacheka. Kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akalia kilio kile cha mtu aliyekuwa amekizuia, na wanawake wakamshika. Mimi nimesimama katikati ya ua, mguu bado nimeuburuta, sijui niurudishe au niuache.

Ugali na kuku vilipoiva, yule mzee aliniwekea sinia mbele ya Mama Nyamizi, akaninong'oneza, "Mtani, hii kazi ni yako. Sisi ametukataa. Akilala leo tena bila kula, sijui kesho tutamwita nani."

Hapo ndipo njaa ilipokimbia ikaniacha peke yangu. Nilimwangalia yule mama. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Mtani wa kweli angekuwa na maneno; anayarithi kwa babu zake. Mimi nilikuwa na koti la watu. Waliosema njia ya mwongo ni fupi walijua; yangu iliishia kwenye lile sinia.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ya kweli, "mimi nina njaa tangu jana. Lakini kwetu mgeni hali peke yake. Usipokula, na mimi sili."

Akanitazama sana. Akainama karibu, wengine wasisikie.

"Wewe si Mfipa."

Nikauondoa mkono wangu kwenye sinia.

"Mfipa angeanza kunitukana mimi, mwenye msiba," akasema. "Wewe umenionea huruma. Unaitwa nani?"

Nikamtajia jina langu na kwetu. Akatikisa kichwa. "Na tumbo lako kweli linalia, nalisikia." Akamega tonge, akachovya mchuzi, akanitilia mkononi. Akamega la pili, akalitia mdomoni kwake. Akatafuna polepole kama mtu anayejifunza. Ua mzima ulikuwa unajifanya unaangalia kwingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Hawakusema mgeni aje na jina gani, lakini usichukue hilo kama ruhusa.

Tulikuwa tumefika nusu ya sinia, treni ikapiga honi, na mama yangu akatokea mlangoni. Alikuwa amenitafuta soko zima, gunia kichwani, mpaka yule mama wa dagaa akamwelekeza. Akaniona nilivyovaa. Mama hahitaji kuelezwa.

Mama Nyamizi akamwuliza, "Huyu mtani ni wa kwako?"

Nikaanza kuvua koti. Mama yangu akatua gunia, akapiga magoti mkekani, akamshika yule mama mikono yote miwili. "Ni wangu, dada. Pole sana." Akafungua gunia, ule mchele wa nyumbani aliokuja kuuza akaupima kwenye ungo mpaka ukajaa, akamwachia pale. Tukaondoka mbio.

Kwa hiyo mwanangu, shika haya. Ukikwama kwenye mji wa watu, bisha hodi kwa jina lako. Ukiwa na njaa sema una njaa, watu wa Mpanda watakupa. Utani usiuguse kama huujui, maana kile chakula kina kazi nyuma yake. Lakini ukishaingia kwenye msiba, hata kwa ujinga, usitoke mbio kabla hujamsikiliza mwenye msiba. Mungu akufikishe salama unakokwenda, na pale atakapokukwamisha, akupe mlango wa kubisha.

Tulipofika stesheni nikashika chuma cha mlango wa behewa. Mama akanivuta shati, akasema:

"Mimi sikukutuma ukawe mtani wa mtu. Umejituma. Basi kila utakaposhuka hapa, kabla hujatafuta lori, utaanzia kwa yule mama, umtukane vizuri mpaka acheke. Na siku atakayokufa, hata uwe umekuwa nani huko, utakuja kushika jembe, umchimbie kaburi. Haya, panda."