Mtafsiri wa Mitaboni aliyeficha ushahidi wa kapteni

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Loise Munyao anapunguza sauti ya televisheni, anapuliza kipaza sauti mara mbili na kuwaomba watazamaji wake msamaha kabla picha haijaanza.

"Ile sehemu ya tisa niliwadanganya," anasema. "Leo nairudia. Na leo nitasema vile iko."

Watu wapatao arobaini waliobanana kwenye mabenchi ya ukumbi huu wa mabati, sokoni Mitaboni, Kaunti ya Machakos, wanatazamana. Wengine ni waendesha bodaboda, wengine akina mama waliofunga vibanda mapema. Kila mmoja amelipa shilingi ishirini kuona picha, na sasa wanaona wamelipia toba.

Loise, mwenye umri wa miaka 38, ni mtafsiri wa filamu. Kazi yake ni kuketi kando ya skrini na kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kikamba, akiigiza sauti za wote, wazee kwa watoto. Kila onyesho humpa shilingi 400. Si haba, anasema, ukikumbuka alikotoka.

Tangu Januari anatafsiri mchezo wa kuigiza wa mambo ya siku zijazo, ambao wateja wake wameubatiza "Watu wa Chupa". Ni watu wanaoishi chini ya paa la kioo kwenye sayari ya mbali, wakipimiana hewa kama sisi tunavyopimiana maji wakati wa kiangazi. Kapteni wao ni mwanamke. Mdogo wake wa kiume ndiye msimamizi wa mafundi.

Siku moja mdogo huyo anaambiwa ukuta una ufa. Ana haraka, anawasukuma mafundi ndani hivyo hivyo. Ukuta unapasuka na watatu wanakufa. Baraza linamwita kapteni, kwa sababu yeye peke yake alikuwa karibu. Je, mdogo wako alijua?

"Kabla afungue mdomo nilijua inaenda wapi," anasema Loise.

Kwenye skrini, kapteni alijibu kwamba mdogo wake alijua. Kwenye kipaza sauti, Loise alisema, "Sikusikia kitu."

Watazamaji walipiga makofi. Damu ni nzito kuliko maji, na kapteni alikuwa amewafurahisha.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki iliyofuata yule kijana alionekana amefungiwa chumbani, na Loise, aliyekwisha kumwokoa, ikabidi atunge uongo mwingine. Akasema amelazwa hospitalini. Kwa wiki tatu Mitaboni ikamhurumia mgonjwa. Muuza nyanya mmoja alikuwa akimuuliza kila siku ya soko kama kijana ataruhusiwa lini.

Aliyemkamata ni Erastus, mwalimu mstaafu, aliyeingia ukumbini kujikinga na mvua.

"Loise, mwanangu," alimwambia walipobaki wawili, "hospitali gani hii iko na pingu?"

Loise aliangua kilio, naye mwalimu, ambaye alidhani anatania tu, akakosa pa kuweka mikono yake.

Miaka minne iliyopita, Loise alikuwa akiwapikia wachimba mchanga kwenye mto upande wa Ndithini. Msimamizi wao alikuwa Mutiso, kaka yake. Asubuhi moja mchimbaji aitwaye Njogu, baba wa watoto watatu kutoka Yatta, alisimama ukingoni akakataa kushuka.

"Bosi, hapa pamepasuka," Loise alimsikia akisema.

"Ingia, lori linangoja," Mutiso akamjibu.

Maharagwe yalikuwa hayajaiva ukingo ulipoporomoka. Njogu alitolewa akiwa amekufa.

Kesho yake Mutiso alimjia dada yake. "Sema tu ulikuwa unapika," alimsihi. "Hukusikia kitu."

"Na kweli nilikuwa napika," anasema Loise. "Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Hakuniambia niseme uongo mwingi."

Tena kuna deni lisilolipika. Baba yao alipofariki, Mutiso aliacha shule darasa la saba akashika koleo ili Loise amalize kidato cha nne. Hiki Kiingereza kinachomlisha leo, kaka yake ndiye aliyekinunua kwa mgongo wake.

Kortini aliulizwa mara moja tu, akasema ukweli. Mutiso alifungwa miaka mitatu.

Tangu siku hiyo mama yao, Kavindu, mwenye umri wa miaka 71, hajalitaja jina la bintiye. Kila Jumapili Loise humpelekea unga. Mama huupokea, hugeuka na kufunga mlango.

"Namwambia, 'Mwaitu, nimefika,'" anasema Loise. "Nangoja kidogo hapo nje. Halafu naenda."

Alipotembelewa nyumbani kwake, Kavindu hakuinua macho kutoka kwenye mbaazi alizokuwa akipeta.

"Nilizaa wawili, mmoja akameza mwenzake," alisema. "Ati sheria. Hiyo sheria ilimnyonyesha?"

Kule Yatta, Muringo, mjane wa Njogu, ana neno tofauti, ingawa si jepesi.

"Walikuwa wanasema mzee wangu alijiingiza kwa shimo mwenyewe. Huyo Loise alituondolea hiyo aibu, na watoto wangu wanamjua kwa jina," anasema. "Lakini ukiniuliza kama mimi ningesimama niseme hivyo juu ya ndugu yangu, sijui. Kweli sijui."

Ukumbini, baraza limeketi. Kapteni anasimama. Loise, anayesifika kwa kuiga hata kikohozi, safari hii haigi sauti ya mtu. Anatumia yake.

"Alijua," anatafsiri. "Aliambiwa nikisikia. Ni ndugu yangu, na alijua."

Hakuna makofi. Mwanamke wa benchi la mbele anasonya na kusema huyo si dada, ni nyoka. Kijana mmoja anamwambia nyamaza, na wale watatu waliokufa je? Wanabishana juu ya kichwa cha Loise, ambaye wengi wao wanazijua habari zake na sasa wamezikumbuka. Yeye anaendelea kutafsiri hadi mwisho, bila kuruka neno.

Anapozima mitambo anaulizwa kama anajuta.

"Ningesema tena vile vile," anajibu. "Na ningelia tena vile vile. Watu wanataka nichague moja. Mimi niko na zote mbili."

Mutiso anatoka gerezani Novemba. Amemtuma binamu yao na ujumbe kwamba Loise asikanyage pale langoni. Loise ameshaomba ruhusa ya siku hiyo kwa mwenye ukumbi, na ataenda.

"Sitamsogelea. Nitasimama ng'ambo ya barabara," anasema. "Akipita bila kunisalimia, sawa, ni haki yake. Nataka tu kuona kama amekonda."