Majani Yaliyokuwa Tumboni

Enzi za Mwingereza niliwabebea mizigo wazungu wawili wa utafiti. Mmoja, tuliyemwita Bwana Mifugo, alikaa Ngarenaro, akipasua ng'ombe waliokufa. Wa pili, Bwana Majani, alipiga hema karibu na mto Themi, akikausha mimea ndani ya makaratasi. Shule niliacha darasa la pili kwa sababu ya upele, lakini hayo tuyaache.

Mwaka ule ng'ombe walikuwa wakifa hovyo chini ya mlima Meru. Mke wangu alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto aliyeniachia aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu. Nikirudi kazini nilimtazama ng'ombe kwanza, mtoto baadaye. Nasema ukweli.

Kwa Bwana Mifugo nilishika miguu ya mizoga, nikaona tumboni majani mapana yenye vinyweleo. Aliyatupa, yeye alitafuta kupe. Kwa Bwana Majani niliyapanga majani yale yale kwenye karatasi. Nilijua. Lakini tulizoea hivi: mzungu unamjibu alichouliza, basi. Na hakuna aliyeniuliza.

Ng'ombe wangu alipoanza kutetemeka, nilichota majani ya tumboni mwa mzoga, nikayapeleka Themi.

"Matumbo si kazi yangu," akasema Bwana Majani. "Mpelekee mwenzangu."

Mwenzake akacheka. "Leo umekuwa daktari? Mwambie aniandikie barua."

Barua ikapitia bomani, ikalala huko. Mama yangu akaniambia, "Mwanangu, unabeba masanduku yao yote. Mdomo wako umeuweka sanduku lipi?"

 Nikamwambia kila mzungu kwamba mwenzake anamwita kwangu. Uongo mtupu, na ndio uliowakutanisha. Walipofika, ng'ombe alikuwa ameshakata roho. Walichuchumaa pamoja, mmoja akipasua, mwingine akichambua kwa vidole, wakiulizana maswali ya kitoto bila kuoneana haya. Kabla jua halijawa kali, wakaujua mmea: unachipua palipochomwa moto, na unaua.

Wakanipa mkono. Ndani mtoto alikuwa analia.

Nikachukua kibuyu, nikaenda kuomba maziwa kwa jirani. Nikamweleza habari ya majani yale. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wewe ulijua tangu lini?"