Wamama wa Kibumba Hawajashuka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu ya posta, mwanangu, ni siku ambayo sikwenda popote.

Nilikuwa kijana mwenye miguu ya chuma, na kichwa cha chuma vilevile. Nilikuwa faktere: nachukua barua hapa Goma, nazipandisha kwa baiskeli hadi Kibumba, na mara nyingine hadi Rumangabo. Vita vilikuwa vimeanza kuchungulia. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa muzee Kasereka, mtu wa Butembo, mpole, mchache wa maneno. Kila asubuhi, kabla ya kunikabidhi mfuko wa barua, aliniuliza swali lilelile:

“Umeona bamama?”

Alimaanisha wamama wa Kibumba, wale walioshuka alfajiri na viazi na kabichi mgongoni kuja kuuza mjini. Wakishuka, njia ni nzima. Wasiposhuka, wameona kitu huko juu ambacho wakubwa wa mjini hawajakisikia bado, na barua haipandi. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu, wala haikuwahi kutudanganya.

Asubuhi ile sikuona hata mama mmoja. Lakini mfukoni mlikuwa na barua ya Mama Kahindo, mjane wa Kibumba, iliyotoka kwa mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi Kisangani. Juu ya bahasha kijana huyo alikuwa ameandika “haraka”, akapiga mistari chini yake. Nikamwambia muzee kwamba mimi nitapita tu, faktere hana adui. Wahenga si walisema mjumbe hauawi?

Muzee Kasereka akauvuta mfuko, akaukalia.

“Bale ba bunduki, banajua hiyo methali?” akaniuliza. “Barua haina mama. Weye uko na mama. Ikaa.”

Nikakaa, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Mchana tukasikia kwamba lori lililopanda asubuhi ile limeshambuliwa njiani. Dereva na abiria wake hawakurudi.

Siku nyingi zikapita wamama hawajashuka. Waliposhuka, nilipanda nikampa Mama Kahindo bahasha yake. Mwanawe alikuwa mgonjwa sana, anamwomba aje amwone. Mama alisafiri bila hata kubadili nguo, akafika akakuta wameshamzika.

Tangu hapo niliona haya kupita mbele ya nyumba yake. Nikawa nazunguka kwa nyuma, mashambani. Siku moja akanikuta hukohuko, jembe mkononi, nikasema moyoni leo nimekwisha.

“Unanikimbia juu ya nini?” akasema. “Ile siku ungepanda, tungezika batoto babili. Kuya, ukule.”

Akanipakulia viazi na maharagi. Nilikula nikilia, naye alilia, wala hakuna aliyemficha mwenzake.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja unacheka, ukaniambia umepata kazi ya kupeleka vifurushi kwa pikipiki, njia ileile. Nilitaka kufurahi nawe, nikashindwa. Posta niliyoijua imekufa, na wengi niliowapelekea barua hawana tena mlango wa kubisha hodi. Watu wanasema simu imechukua nafasi yake. Simu inapeleka maneno, mwanangu, haipeleki dawa wala cheti cha ubatizo. Wengine wanasema siku zijazo vifurushi vitapita angani. Huku kwetu kikisikika kitu angani, watu wanaingia chini ya kitanda.

Lakini kinachonivunja moyo zaidi ni kwamba swali la muzee Kasereka halina maana tena. Wamama wa Kibumba walikimbia, wakalala chini ya maturubai kwenye kambi ya wakimbizi kule Mugunga, wakafukuzwa na huko. Waliobaki wanashuka siku zote, hata risasi zikilia, maana njaa imekuwa kali kuliko woga. Leo ukimwona mama na kabichi mgongoni, usiseme njia ni nzima. Ujue tu kwamba watoto wake hawajakula. Ishara pekee niliyokuwa nayo ya kukurithisha imekufa kabla yangu.

Ningekuambia usiende, ungeniuliza utafanya kazi gani nyingine, na nyingine haipo. Basi shika hili dogo. Usiamini ujumbe wa simu unaosema njia ni wazi. Huenda ni wa jana, na aliyeutuma leo anakimbia. Simama, zima pikipiki, muulize mtu uso kwa uso, na umtazame macho kabla ya kusikiliza mdomo. Moyo ukisita, geuza. Kawia ufike, walisema wazee, na hiyo ndiyo methali ya faktere. Ile ya mjumbe niliizika siku ile. Anayekungojea atakasirika, na pengine kuchelewa kwako kutamliza kweli, kama Mama Kahindo. Sitakudanganya kwamba kungoja hakuna maumivu. Ila kifurushi hakina mama.

Nenda, mwanangu. Mungu atangulie mbele ya pikipiki yako, akufungie njia pale unapotaka kupita kwa ukaidi, akupe maisha marefu ya kuchelewa. Na siku utakayorudi na kifurushi ambacho hakikufika, pita kwangu kwanza. Sitakuuliza kitu. Utakuta viazi jikoni, tutakula.