Siku Nilipotoa Povu Mbele ya Wazee wa Genkuru

Nikikuambia kwamba watu wazima, wengine na fimbo zao mkononi, waliwahi kunikimbia mchana kweupe kwa sababu nilikuwa natokwa na povu mdomoni, utadhani natia chumvi, lakini nenda Genkuru ukamuulizie mwalimu wa baiolojia, hawatakutajia jina langu, watakuonyesha kwa midomo yao.

Mimi ni mtu wa Njombe, serikali ndiyo ilinileta huku Tarime, nikapanga chumba kwa Mzee Marwa, baba yake Bhoke, binti ninayefundisha naye shule moja (yeye Kiswahili, mimi baiolojia, na kabla sijamaliza utajua nani kati yetu anaweza kuongea na watu). Mzee Marwa alianza kutetemeka kidole, halafu mkono mzima wa kulia, halafu miguu nayo ikaanza kugoma, anafika mlangoni anaganda pale pale kama aliyesahau alichofuata. Tabibu wa zahanati akasema huo ni ugonjwa wa ubongo, aende hospitali kubwa Musoma, dawa zipo. Mzee akasema hapana, huu ni mkono wa mtu, kwanza mbuzi achinjwe, utumbo usomwe, wazee waone ni nani.

Bhoke alikuwa anataka kitu kimoja tu, baba yake afike hospitali kabla hajashindwa hata kushika kijiko, na akaniomba nizungumze na wazee siku hiyo ya mbuzi.

"Useme kwa maneno tu, mwalimu," aliniambia. "Na useme kifupi."

Ningemsikia, yangekwisha. Lakini mimi bwana ni mwalimu wa vitendo, na wiki hiyo nilikuwa nimesoma sana habari za vimeng'enya, wale vibarua wadogo wa mwilini. Mwili ukiunguza chakula kupata nguvu unatoa cheche zenye sumu, na kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuzizima, kimoja kinaibadili cheche, kingine kinamalizia inabaki maji na hewa. Kwa wagonjwa wa kutetemeka, ule upande wa ubongo unaoongoza mwendo huonekana cheche zimezidi walinzi, na seli zinakufa (kama walinzi walipungua kwanza au ugonjwa ndio uliwapunguza, wataalamu wenyewe bado wanabishana, ila mimi siku hiyo sikuwa na shaka hata chembe). Na ini limejaa hao walinzi, ukilidondoshea dawa ya kusafishia vidonda, ile inayochemka ikigusa damu, linatoa povu mpaka wanafunzi wanapiga makofi. Nikaichukua chupa ya maabara, nikaitia mfukoni.

Nikawakuta wazee wamekaa, utumbo umetandazwa juu ya majani, na Mzee Nyamhanga, ambaye ndiye msomaji, anaupitisha vidoleni polepole. Nikaamkia shikamoo zangu zote, nikaomba kipande cha ini. Nikapewa, tena kwa furaha, walidhani mgeni ana njaa anataka kuchoma. (Sikujua kwamba msomaji akiwa bado anasoma, hakuna kitu cha yule mnyama kinachochezewa. Bhoke alijua, lakini alikuwa jikoni.)

"Wazee wangu, tazameni walinzi wa mwili," nikasema, nikamimina.

Ini likachemka likafoka, likamwagika povu jeupe hadi kwenye majani, na hakuna aliyepiga makofi.

Mzee Nyamhanga akaondoa mikono kwenye utumbo. "Mbuzi huyu amesema," akasema, na kule jikoni nikaona sufuria inateremshwa motoni, nyama ile hailiwi tena.

"Hapana mzee, ni kimeng'enya tu!"

"Huyo Kimeng'enya ni mtu wa ukoo gani?"

Nikaanza kueleza kwamba hana ukoo, yuko ndani ya kila mtu, hata ndani yako mzee, ila kwa Mzee Marwa walinzi hao wamekufa ubongoni, na kila nilivyoeleza ndivyo viti vilivyosogea nyuma. Mmoja akasema wazi, "Mura, kijana wewe, umetia sumu kwenye nyama ya watu." Hapo nikapandwa na kiherehere, nikasema sumu gani, watu wenye vidonda vya mdomo huizimua na maji wakasukutua, na ili niwatoe wasiwasi nikapiga funda moja. Sikuizimua. Halafu fizi zangu wiki hiyo zilikuwa zinatoka damu.

Povu lilijaa mashavuni, likatokea kwenye meno, nikajaribu kufumba mdomo likapita puani. Nikainua mkono kuwaambia nipo salama, wao wakaona mtu mwenye povu anawanyooshea mkono. Walitimua mbio, viti vikaachwa. Mzee Nyamhanga, ambaye nilikuwa namjua kwa kuchechemea, aliruka ua.

Nilipomaliza kutema na kujifuta machozi, uwanjani tulikuwa watu wawili. Mzee Marwa alikuwa bado kwenye kiti chake. Nikadhani ni ujasiri, kumbe miguu iliganda, alitaka kukimbia kama wenzake ikamkatalia. Mkono wake ulikuwa unapiga paja bila kupumzika. Niliona aibu kweli, kuliko ile ya povu.

"Hao walinzi wangu waliokufa," akaniuliza, "hospitali watawarudisha?"

Nilikuwa na somo zima la kumjibu. Mdomo uliokuwa unawaka ndio ulionifupisha. "Hawarudi, mzee. Dawa itautuliza mkono, na miguu itakwenda kwenda. Kupona, hapana."

Akatikisa kichwa. "Mwaka mzima kila mtu ananidanganya nitapona. Wewe ungeanza na hilo, tungekula mbuzi."

Siku hizi mtu akiniuliza kitu naanza na jibu, na chupa za maabara haziondoki maabara, nimeapa. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo Bhoke alipokuja mbio kutoka jikoni akidhani kwa mambo yangu baba yake ameshaikataa hospitali kabisa, na mzee akamwambia atafute gari, kesho wanakwenda Musoma. Nikasema haraka kwamba nitawasindikiza.

Mzee Marwa alinitazama, povu lingine bado lilikuwa kwenye shati langu.

"Huyu abaki," akasema.