Maji Yasiyoonjwa

Juzi nilikuwa Kona ya Musa, nimekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, lori moja likajisogeza kando ya barabara huku likitoa mvuke. Utingo akaruka chini, akajifunga tambara mkononi, akafungua kifuniko cha rejeta kabla dereva hajamaliza kumkataza. Maji yakaruka juu. Watu wakakimbia, huku wakicheka na kumtukana. Mimi sikukimbia wala sikucheka. Harufu ilikuwa imeshanifikia: maji ya moto yenye kutu, mafuta yaliyoungua, na kwa mbali kitu kama chumvi. Nilishika ukingo wa benchi mpaka msichana wa duka akaniuliza, "Bibi, waumwa?" Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu.

Ile ndiyo iliyokuwa harufu ya Mjomba Suleimani, ndugu wa mama yangu. Alifanya kazi kwenye shamba la miwa upande wa chini wa Msambweni, ambako kulikuwa na reli nyembamba ya kuletea miwa kiwandani na gari moshi dogo la kuivuta. Gari lile liliundwa Uingereza zamani za yule malkia ambaye sura yake nyanya yangu aliivaa shingoni kwenye sarafu kuukuu. Lilikuwa na bomba refu la moshi, ubavu uliobonyea, na kila lilipoondoka lilikohoa kwanza. Sisi tulimwita Bi Kizee. Mke wa Mjomba alikuwa ameondoka zamani, na wanawake wa laini za nyumba za wafanyakazi walisema hakumkimbia mume, alikimbia uke wenza na chuma, kwa kuwa sabuni zote za dukani zilishindwa kuitoa harufu ile shukani.

Mjomba alianzia chini kabisa. Alipokuwa kijana aliajiriwa kuzoa majivu. Baadaye akapewa matambara na mafuta, awe anampangusa Bi Kizee vyuma vyake. Kisha akawa mtia kuni, na hapo alikaa miaka mingi, nyuma ya dereva Kalasinga mpole ambaye hakuwa mchoyo wa kufundisha. Kuendesha alijua, lakini kiti cha dereva siku zile hakikuwa cha watu wa rangi yetu. Uhuru ulipokuja, Kalasinga akaamua kuwafuata watoto wake ng'ambo, na wakubwa wa kiwanda wakasema Suleimani atajaribiwa. Akiileta treni imejaa miwa kutoka shamba la mbali, akapanda nayo kilima hadi kiwandani huku mkaguzi amesimama ubavuni pake, kiti ni chake.

Kwetu sisi kiti kile kilikuwa nyumba. Baba yetu alifariki kwa homa, na mama akamfuata alipomzaa Bakari. Tulibaki watatu chumbani kwa Mjomba: mimi, Mwanaidi, niliyekuwa darasa la nne, Riziki aliyenifuata, na Bakari, ambaye siku ninazozisimulia alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Shule niliiacha wiki ile ile aliyozikwa mama. Hakuna aliyeniambia niache. Mtoto alilia, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Kwa desturi ya Wadigo, watu wa mama yetu, watoto kama sisi ni wa mjomba. Lakini baba yetu alikuwa Mduruma wa Kinango, na kaka yake, Baba Mkubwa, alikuwa mfugaji ambaye neno lake lilisikizwa. Alikuja akaketi mlangoni kwetu, akaikunja miguu yake mirefu, akasema bila ukali:

"Suleimani, wewe huna mke. Una chumba kimoja. Hawa wakikua utawalaza wapi?"

Mjomba akamjibu kwamba dereva hupewa nyumba ya vyumba viwili, yenye jiko lake.

"Basi nitakuja siku hiyo ya mtihani wako," akasema Baba Mkubwa. "Nikikuona umekuwa dereva, watoto wabaki. La sivyo, Riziki na Bakari nitaondoka nao. Huyu mkubwa akipenda aje, akipenda abaki akupikie."

Akipenda! Kana kwamba mtu huulizwa anapenda mkono upi ukatwe.

Sasa sina budi nieleze habari ya maji. Bi Kizee alikunywa kutoka kwenye tangi lililojazwa na pampu ya mtoni. Wakati wa kaskazi mto hukonda, na siku za bamvua bahari hupanda ndani yake, hata pampu ikawa inavuta chumvi. Maji ya chumvi yakichemka ndani ya boila huumuka povu kama maziwa. Kuna kioo chembamba ambacho dereva hukitazama ajue maji yaliyobaki juu ya moto ni kiasi gani, na povu likiingia mle huonekana kama maji. Dereva hudhani tumbo limejaa, kumbe linakauka. Mjomba alitueleza hayo akila, akichovya tonge la sima mchuzini, kwa sauti ile ile aliyotumia kusifu samaki. Ndiyo maana kabla ya kumjaza Bi Kizee alikinga maji ya tangi kwa kiganja, akayaonja, akatema. Yakiwa na chumvi, aliagiza mapipa ya maji ya kisimani, hata kama wapakiaji watamlaani kwa kuwachelewesha.

Mwezi wa Ramadhani hakuonja. Mwalimu wa msikitini alimwambia hakuna ubaya maadamu anatema, lakini Mjomba alisema ulimi wake anaujua mwenyewe, hauaminiki. Basi Ramadhani kazi ya kuonja ilikuwa ya Mutua. Huyu alikuwa rafiki yake, Mkamba, Mkristo, aliyekuja pwani kutafuta ardhi akaishia kumsaidia kutia kuni. Kila alfajiri ya mfungo Mutua alipita kwetu kumchukua mwenzake, nami nilimpa kikombe cha chai, akakinywa nyuma ya nyumba akiwa amewageuzia waliofunga mgongo, kwa adabu.

Mtihani uliangukia Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru. Asubuhi ile Mutua alikikataa kikombe. "Tumbo," akaniambia, akajipapasa. Mjomba alitoka amevaa kofia safi. Alimshika Bakari kidevu, akaniambia, "Mama, leo ndiyo mwisho wako wa kupika nje." Alipenda kuniita mama alipokuwa na furaha au hofu, na siku ile sikuweza kujua ni ipi.

Adhuhuri Baba Mkubwa alitupeleka mpaka kileleni, pale njia ya miguu ilipokatana na reli. Alikuwa ameshika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kifurushi cha nguo za wadogo zangu, nilichokifunga mwenyewe kwa kanga ya mama. Nilikikaza sana ili kiwe kigumu kufunguka, kana kwamba hilo lingesaidia kitu. Jua lilikuwa kali, miwa mikavu ililia huku na huku kila upepo ulipopita, na kinywa changu kilikuwa kimekauka kwa saumu na kwa woga. Bakari nilimbeba kiunoni. Riziki alilala kifudifudi akaweka sikio relini.

"Yuaja," akasema.

Tuliona moshi kwanza. Kisha sauti ikafika, nzito, yenye mpangilio, na nyuma ya Bi Kizee mabehewa yaliyofurika miwa, na juu ya behewa la mwisho wanawake wapakiaji wakiimba. Kilima kile kilikuwa kirefu kuliko kilivyoonekana. Niliisikiza pumzi ya gari kama mtu anavyoisikiza pumzi ya mgonjwa. Ilikuwa inakuja vizuri. Niliweza kumwona Mjomba, kofia yake nyeupe, na pembeni yake mkaguzi, Mzungu mwenye kaptula. Nilianza kupunga mkono. Nikasogea hadi katikati ya reli ili anione.

Ndipo bomba la moshi likatema maji. Hayakuwa mengi, ni manyunyu meupe ya povu kama mate ya ngamia, yakawaangukia wanawake.

"Suleimani!" mmoja akapiga kelele. "Twataka kufika, hatutaki kuoga!"

Wenzake wakacheka. Na ndani ya kicheko kile sauti ya gari ikakatika.

Mabehewa yaligongana, treni ikasimama pale pale mlimani, karibu yetu kiasi kwamba niliuona mshipa wa shingo ya Mjomba. Mkaguzi alikuwa akinyoosha kidole kwetu, kileleni. "Endelea! Ni pale tu! Wewe, endelea!" Mjomba alikuwa amekitazama kioo. Akamwambia Mutua maneno machache ambayo sikuyasikia, na wote wawili wakachukua mapauro, wakaufungua mlango wa tanuri, wakaanza kuutoa moto nje.

Makaa mekundu yakamwagika relini. Wanawake wakaruka chini wakipiga mayowe. Wengine wakaweka mawe nyuma ya magurudumu treni isirudi, wengine wakamimina mchanga kwa mikono na kwa kanga ili cheche zisiingie kwenye miwa. Hakuna aliyecheka tena.

"Amefanya nini?" akauliza Baba Mkubwa.

"Amemwaga moto."

"Atauwasha tena?"

Nilikuwa nimekulia kando ya gari lile. "Leo hauwaki," nikasema.

Mkaguzi alitupita akienda kiwandani kwa miguu, uso mwekundu, hakututazama. Mimi niliteremka mbio huku Bakari akirukaruka kiunoni. Niliwakuta wamekaa chini kivulini pa gurudumu, masizi yamewajaa. Mutua alikuwa ameinamisha kichwa.

"Uliyaonja?" Mjomba alimwuliza.

"Niliyaangalia tu. Yalikuwa yanaonekana safi."

"Mutua. Uliyaonja?"

"Sikuweza, ndugu yangu. Nilikuwa nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Kufunga. Kama wewe. Tangu usiku sijaweka kitu kwa mdomo. Nilisema Mungu akiangalia huku kwa gari leo aone watu wawili wako na njaa, si mmoja."

Mjomba alimgeukia. Niliogopa atampiga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi, na Mutua naye akacheka huku analia, na wanawake wakasogea kuuliza kuna nini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nakitazama kifurushi nikilia.

Baba Mkubwa alikuwa ameshafika, polepole, kwa mwendo wake wa mtu wa ng'ombe. Akayatazama makaa, akalitazama gari.

"Ulibakisha kidogo tu," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi ulijua niko pale juu."

"Nilikuona."

Baba Mkubwa akaegemea fimbo. "Kwetu," akasema, "niliwahi kumwona mtu akiwaswaga ng'ombe wenye kiu mpaka mnadani, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. Alifika na kamba tupu." Kisha akanigeukia, akanipa kifurushi. "Mfungulie mtoto nguo zake."

Alishika njia peke yake siku ile ile kurudi Kinango. Niliamini alituhurumia kwa sababu nililia.

Kiti cha dereva alipewa mtu mwingine kutoka mbali, na Mjomba akarudi kutia kuni. Tulikaa kwenye chumba kile kimoja kwa miaka, sisi nyuma ya pazia la gunia, yeye mlangoni. Nilipika nje kwenye mvua na kwenye jua. Mara nyingi, nikipuliza moto usiotaka kuwaka, niliiona ile nyumba ya vyumba viwili ikimwagika relini pamoja na makaa, na nilisema moyoni kwamba Mjomba alipotakiwa kuchagua kati yetu na chuma chake kizee, alichagua chuma. Sikumwambia. Nilimfulia nguo, nikampelekea chakula, nikawalea wadogo zangu chini ya dari lake. Udereva alikuja kuupata nywele zikiwa zimeanza mvi, wakati matrekta yalikuwa tayari yanachukua kazi, akamwendesha Bi Kizee misimu yake ya mwisho. Alipofariki, bado neno lile lilikuwa limekaa ndani yangu.

Mutua aliishi zaidi yake. Alikuwa amepata kipande chake cha ardhi, akipanda mihogo na mikorosho, na siku moja nilikwenda kumjulia hali. Tulizungumza habari za zamani, nikamwuliza kama mzaha: mlikuwa mmekaribia hivyo, mbona hamkujikaza mkafika?

Mzee akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Mjomba wako hakukuambia? Gari likipanda, maji yanarudi nyuma, yanakaa juu ya moto. Hata yakiwa kidogo, yanatosha. Lakini likifika kileleni likainama mbele, maji yote yanakimbia mbele, na juu ya moto kunabaki chuma kitupu. Mahali pa kupasuka ni pale. Kileleni."

Mutua akaendelea:

"Alifunga mvuke, povu likatulia, kioo kikashuka mpaka hakuna kitu. Mkaguzi anapiga kelele. Mjomba wako akatazama juu. Mambo ya boila hakusema. Alisema, 'Mwanaidi amesimama relini na mtoto.' Basi tukamwaga moto."

Nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, ingawa ilikuwa mbali. Nilijiuliza kwa nini miaka yote ile, akiniona nimemnunia jikoni, hakunieleza, na kabla ya kufika nilikuwa nimejua. Angeniambia, ningekua nikijihesabu kuwa mimi ndiye niliyeikosesha familia nyumba, kwa kusimama mahali pabaya na kupunga mkono. Aliona ni heri nimkasirikie yeye. Mimi nami nimelea, na yapo mambo ambayo Riziki na Bakari wamenikasirikia mpaka leo, na hawatayasikia kutoka kwangu.