Tuta Nililolifagia

Harufu ya udongo mwekundu uliopigwa na mvua ya kwanza hunirudisha Katangi, darasa la sita, kwa Mwalimu Ndunge wa Kiingereza. Mwanamke yule hakuwa na desturi ya kututafsiria neno. Asubuhi moja aliandika ubaoni immovable, akapangusa chaki mikononi, akasema, "Nileteeni kitu kinachostahili jina hili. Nitakisukuma mwenyewe. Kikisogea, mmekosa." Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda. Tulimpeleka kwenye mlingoti wa bendera, ukatikisika. Tukampeleka kwenye goli la uwanjani, likainama kabla hajaliegemea vizuri, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Ndipo nikanyoosha mkono, nikasema tuta la mama yangu halisogei. Akaahidi kuja kwetu Ijumaa.

Tuta lile lilikata shamba letu la mteremko kutoka mpaka hadi mpaka. Mama alilichimba pamoja na wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, wakiutupa udongo upande wa juu jembe baada ya jembe, kisha wakapanda nepia, majani marefu ya ng'ombe, juu yake ili mizizi ishike udongo. Mahindi yaliyokuwa nyuma ya tuta ndiyo yangenibakiza shuleni. Mama alikwisha kusema wazi kwamba yakiharibika, nitakwenda Athi River kumlelea shangazi mtoto. Nilijua hayo yote, na bado, Alhamisi jioni, nilifanya upumbavu. Niliona nepia imekaa ovyo, kama kichwa kisichochanwa, na mgeni alikuwa anakuja. Nikaing'oa hatua kumi nzima, mizizi na yote, nikafagia. Tuta likapendeza kweli.

Mvua ikafika kabla ya mwalimu. Ijumaa asubuhi maji yalipasua pale pale nilipofagia, yakabeba mistari miwili ya mahindi huku natazama. Safari ya Athi River niliiona imeshafika. Mama aliangalia nepia niliyoirundika kando, akaniangalia mimi. "Kwani Mueni, ulikuwa unainyoa iende harusi?" Hakunipiga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, naye hakuwa mtu wa kungoja ukuta. Aliwaita wenzake, wakaja na majembe, magunia vichwani, wakaziba mvua ikiwapiga migongoni. Mimi nilipewa kazi ya kuirudisha nepia, shina kwa shina. Mwalimu Ndunge alipofika, viatu mkononi, hakusukuma chochote. Aliwatazama wale wanawake kwa muda, akakunja sketi, akaingia matopeni karibu nami. "Haya, tunga sentensi," akaniambia. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama yangu hasogei. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanda. Mahindi yaliyobaki yalitutosha, na nilibaki shuleni.

Leo naishi Syokimau, na nimehama nyumba mara tano. Kitanda changu kimefunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zimelegea. Neno lile nalitumia kiwandani bila kufikiri, nikiandika kuhusu mashine zilizofungwa sakafuni. Lakini nikienda nyumbani, hata kabla ya chai, hushuka shambani nikalisukuma tuta kwa kisigino. Krismasi iliyopita mama, ambaye mgongo wake sasa umeinama, alinikuta hapo nikitabasamu peke yangu.

"Bado halijasogea, mama," nikamwambia kwa fahari.

Akanipa jembe. "Na hilo halisimamangi lenyewe. Anza huko chini."